Kahawa Ileile, Maini Mbalimbali

Na mwanachama wa mwaka wa tatu, Idara ya Biokemia



Kila anayehudhuria baraza letu la Ijumaa anaijua desturi yake. Kaka yetu wa Muscat huja na dele na pakiti yake ya iliki, dada zetu wa Mombasa huleta kashata, na mazungumzo huanza kunoga pale finjani ya kwanza inapozunguka. Saa nne usiku tunaagana, na hapo ndipo tunapogawanyika. Wapo wanaofika chumbani, wakaweka kichwa kwenye mto na kulala fofofo. Wapo pia wanaokodolea dari macho mpaka alfajiri.

Mimi ni wa kundi la pili, na nililijua hilo kwa hasara. Mwaka juzi, wakati wa mitihani ya Mei, nilikuwa nikijisomea na rafiki mmoja wa darasani. Yeye hunywa vikombe vitano vikubwa kuanzia mchana hadi usiku, na ikifika saa sita analala kama aliyekunywa maziwa. Nikadhani siri ya maksi zake ni hiyo. Nikamfuata kikombe kwa kikombe kwa siku tatu. Usiku wa tatu sikupata hata lepe la usingizi, moyo ukinidunda mpaka nausikia masikioni. Asubuhi niliingia kwenye mtihani mkono ukitetemeka, nikasoma swali la kwanza mara nne bila kulielewa. Somo lile nililirudia Agosti. Mama aliponipigia simu kutoka Unguja nilimwambia mtihani ulikuwa mgumu. Haukuwa mgumu. Nilikuwa nimekunywa kahawa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Nimelikumbuka jambo hili kwa sababu mwezi uliopita mwenzetu mmoja alipendekeza kwenye kundi letu la simu kwamba tuchange fedha, tuagize kwa pamoja vifaa vya kupima jeni kwa mate, ili kila mtu ajue kama ana "jeni ya kahawa". Watu wakaniuliza mimi, kwa kuwa ndiyo fani yangu. Jibu la mistari miwili halikutosha, kwa hiyo mhariri amenipa kurasa hizi.

Kafeini inavyofanya kazi

Tukiwa macho, ubongo wetu hujikusanyia kemikali iitwayo adenosini. Kadiri saa zinavyopita ndivyo inavyozidi, na inapokaa kwenye vipokezi vyake vilivyomo katika seli za ubongo, tunahisi uzito wa usingizi. Kafeini inafanana na adenosini kwa umbo. Inakwenda kukaa kwenye vipokezi vilevile bila kufanya kazi yake, kama mgeni asiyealikwa aliyekalia kiti cha mwenye shughuli. Adenosini ikija inakuta pamejaa. Uchovu haujaondoka, ila tu hatuusikii.

Kinachotuokoa ni ini. Humo mna kimeng'enya kiitwacho CYP1A2, na takriban asilimia 95 ya kafeini tunayokunywa huvunjwavunjwa nacho. Kwa mtu mzima wa kawaida, kafeini iliyomo mwilini hupungua kwa nusu kila baada ya saa tano hivi. Lakini huo ni wastani tu. Miongoni mwa watu wazima wenye afya njema, muda huo huweza kuwa saa moja na nusu kwa mmoja na saa tisa na nusu kwa mwingine.

Tupige hesabu. Watu wawili wanakunywa kikombe chenye miligramu 100 za kafeini saa nane mchana. Wa kwanza ini lake hupunguza nusu kila saa mbili, wa pili kila saa nane. Ikifika saa sita usiku, wa kwanza amebakiwa na miligramu tatu hivi, na wa pili bado ana zaidi ya 40. Wamekunywa pamoja kutoka dele moja, lakini mmoja anakwenda kulala akiwa karibu na nusu ya kikombe kile mwilini mwake.

Jeni zinazohusika

Tafiti za mapacha zimeonyesha kwamba kati ya asilimia 36 na 58 ya tofauti za watu katika kutumia kafeini hutokana na urithi. Takwimu hii isisomwe vibaya. Haimaanishi kwamba nusu ya kikombe chako imeandikwa kwenye jeni. Inamaanisha kwamba ukichukua kundi la watu na kuuliza kwa nini huyu anakunywa sana na yule kidogo, karibu nusu ya tofauti hizo inaelezeka kwa walichorithi. Iliyobaki ni malezi, kazi, mji, fedha na marafiki.

Mwaka 2011 watafiti walichunguza jeni za watu 47,341 wenye asili ya Ulaya, wakakuta sehemu mbili zinazoendana na kiasi cha kafeini ambacho mtu hutumia. Moja iko karibu na jeni ya CYP1A2 yenyewe. Nyingine iko karibu na jeni iitwayo AHR, ambayo ndiyo huiamrisha CYP1A2 kuongeza kazi au kuipunguza. Mwaka 2014 yakachapishwa matokeo makubwa zaidi, ya wanywaji kahawa 91,462, na sehemu zikafika nane. Nyingine zilihusu uvunjaji na usafirishaji wa kafeini, nyingine zilihusu ubongo, kama BDNF na SLC6A4. Mbili zilishangaza: GCKR na MLXIPL, ambazo zilikuwa zikijulikana kwa kazi ya sukari na mafuta mwilini.

Jambo la kushika hapa ni hili: wenye jeni za kuvunja kafeini haraka ndio wanaokunywa kahawa zaidi. Mwili hujipimia wenyewe. Kafeini ikiondoka upesi, mtu hunyoosha mkono tena kwenye dele. Ikikawia, mtu hutosheka. Kwa hiyo rafiki yangu wa vikombe vitano hakuwa shujaa kuliko mimi. Huenda damu yake ilikuwa na kafeini kidogo kuliko yangu.

Na uchungu je? Sisi wa pwani, ambao tumekulia kwenye kahawa chungu isiyotiwa sukari, tungetarajia kwamba anayehisi uchungu sana angeikimbia. Utafiti wa mwaka 2018, uliotumia data za zaidi ya watu 400,000 wa Uingereza, ulikuta kinyume. Waliorithi ulimi unaohisi zaidi uchungu wa kafeini walikunywa kahawa nyingi zaidi. Lakini waliorithi ulimi unaohisi zaidi uchungu wa kwinini walikunywa kahawa kidogo, wakaelekea kwenye chai. Inaonekana ulimi hujifunza kuupenda uchungu unaoleta raha.

Je, kahawa inatukinga au inatuumiza?

Hapa ndipo penye ubishi wa barazani. Wazee wanasema kahawa hupandisha presha. Mitandao inasema kahawa hukinga kisukari. Jeni zimeleta mwanga, lakini si mwanga wa moja kwa moja.

Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti kutoka Costa Rica. Watafiti waliwalinganisha watu 2,014 waliopata mshtuko wa moyo na wengine 2,014 ambao hawakupata. Kwa wenye jeni ya kuvunja kafeini polepole, kunywa vikombe vinne au zaidi kwa siku kuliendana na ongezeko la asilimia 64 la uwezekano wa mshtuko, wakilinganishwa na wanaokunywa chini ya kimoja. Kwa wenye jeni ya haraka, ongezeko halikuonekana. Habari hii ndiyo iliyozaa biashara ya vipimo vya "jeni ya kahawa".

Wengi hawakusikia kilichofuata. Mwaka 2019 watafiti wa Australia walitazama swali hilohilo kwa watu 347,077 wa Uingereza. Waliokunywa zaidi ya vikombe sita kwa siku walikuwa na ongezeko la asilimia 22 la maradhi ya moyo na mishipa. Ila safari hii jeni ya haraka au ya polepole haikuleta tofauti. Zaidi ya vikombe sita vilikuwa vingi kwa wote.

Kwa kisukari, jeni zilitumika kwa ujanja zaidi. Jeni hugawiwa kabla ya kuzaliwa, kama karata. Mtu hapewi jeni za kunywa kahawa nyingi kwa sababu ana kazi nzuri au anafanya mazoezi. Basi ikiwa wingi wa vikombe ndio unaokinga, waliozaliwa na jeni za kunywa zaidi wangeugua kidogo kuliko wengine. Mwaka 2015 watafiti wa Denmark walijaribu hivyo kwa watu 93,179. Wanywaji wa kahawa nyingi kweli walikuwa na kisukari cha aina ya 2 kidogo zaidi, lakini wenye jeni za kunywa nyingi hawakuonyesha kinga yoyote.

Mwaka 2023 wakaja wengine, wakiongozwa na watafiti wa Sweden, wakauliza swali tofauti: badala ya jeni za vikombe vingi, tutazame jeni zinazofanya kafeini ikae katika damu kwa wingi. Wenye jeni hizo walikuwa na uzito mdogo na hatari ndogo ya kisukari cha aina ya 2.

Je, matokeo hayo mawili yanagongana? Kumbuka tulichosema juu. Wanaobaki na kafeini nyingi katika damu ndio hao hao wa polepole, wanaokunywa vikombe vichache. Kuhesabu vikombe si kuhesabu kafeini. Ukimuuliza mtu "unakunywa vikombe vingapi?" hujamuuliza ini lake linafanya nini.

Utafiti ulionigusa zaidi ni wa mwaka 2024, uliolinganisha Wamarekani wapatao 130,000 na Waingereza zaidi ya 330,000, wote wenye asili ya Ulaya. Katika nchi zote mbili, jeni zinazoendana na kunywa kahawa ziliendana pia na unene na matumizi ya vitu kama tumbaku. Hii haimaanishi kwamba mwenye jeni za kahawa lazima avute sigara. Inamaanisha kwamba baadhi ya jeni hizo zina mkono katika yote mawili. Lakini kwa upande wa wasiwasi na sonona, mambo yaligeuka. Marekani jeni za kahawa ziliendana na jeni za maradhi hayo, Uingereza zikaenda kinyume nazo.

Fikiria hapo. Watu wa asili moja, kinywaji cha jina moja, bahari tu kati yao, na majibu yanapishana. Kikombe cha Marekani na kikombe cha Uingereza, ambako wengi hunywa kahawa ya unga wa kukoroga, si kitu kimoja. Wanywaji si watu wa aina moja, na sababu za kunywa si zilezile. Jeni hazielei hewani. Zinasomwa ndani ya maisha ya watu.

Ini halisikilizi jeni peke yake

Mwenzangu wa chumbani alikuwa mvutaji wa sigara. Ramadhani iliyopita aliacha kabisa, na sote tukampongeza. Baada ya Idi alirudi kwenye vikombe vyake vinne vya kila siku kama zamani. Wiki haikuisha akaanza kulalamika: mikono inatetemeka, usingizi umeruka, kifua kinabana. Alidhani ni mwili unaililia sigara, na alikuwa karibu kuirudia.

Moshi wa tumbaku huichochea CYP1A2. Kwa mvutaji, kafeini huondoka karibu mara mbili upesi zaidi. Ukiacha sigara, kichocheo hicho hutoweka katika siku chache, na vikombe vilevile vinne vinakuwa kama vinane. Nilimshauri apunguze kahawa kwa nusu na amwone daktari kuhusu kifua. Daktari alimwambia vivyo hivyo. Mpaka leo hajavuta. Jeni zake hazikubadilika hata herufi moja katika kisa hiki chote.

Yapo mengine. Vidonge vya uzazi wa mpango hurefusha muda wa kafeini mwilini karibu mara mbili. Mimba hurefusha zaidi, na katika miezi ya mwisho kafeini huweza kuchukua hata saa 15 kupungua kwa nusu. Ndiyo maana huduma ya afya ya hapa Uingereza inawashauri wajawazito wasizidi miligramu 200 kwa siku. Kwa hesabu zao, kikombe kikubwa cha kahawa ya kukoroga kina kama 100, cha kuchuja 140, na cha chai 75. Tusisahau hiyo chai. Ndugu zangu wanaosema "mimi sinywi kahawa" na huku wanateremsha vikombe vinne vya chai ya rangi, nao wamo humu.

Na sisi je?

Rudi nyuma uhesabu: Ulaya, Ulaya, Denmark, Uingereza, Wamarekani wenye asili ya Ulaya. Katika ule utafiti mkubwa wa 2014, watu wenye asili ya Afrika walikuwa Wamarekani Weusi 7,964, waliotumika kuhakikisha matokeo. Hazina ya data ya Uingereza ina watu wapatao 500,000, na zaidi ya tisa katika kila kumi ni Wazungu. Hali ni hiyo ilhali kahawa ya arabika asili yake ni Ethiopia, na bara la Afrika ndilo lenye tofauti nyingi zaidi za kijeni duniani.

Tofauti hizo si maneno matupu. Mwaka 2003 mtafiti Eleni Aklillu na wenzake walichunguza CYP1A2 kwa Waethiopia kwa kutumia kafeini yenyewe kama kipimo. Walikuta mabadiliko ya jeni yaliyokuwa hayajaelezwa kabla, na mpangilio mmoja wa mabadiliko hayo ulipunguza kazi ya kimeng'enya. Kipimo kilichotengenezwa kwa kutazama Wazungu peke yao kinaweza kumpita mtu wa namna hiyo bila kumwona.

Na hata maswali yenyewe hayatufai. Dodoso linauliza: "Vikombe vingapi kwa siku?" Mzee wa Jaws Corner pale Mji Mkongwe, aliyekunywa finjani saba tangu alasiri, aandike ngapi? Mwenzetu wa Muscat, ambaye gahwa yake ni nyepesi na iliki nyingi, aandike ngapi? Na Mhaya wa Bukoba anayetafuna kahawa, tena robusta, ambayo ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, aandike nini wakati hana hata kikombe? Wapo miongoni mwetu wanaosomea takwimu, afya ya jamii na isimu. Dodoso la kahawa linalowafaa waswahili, lenye finjani, chai na kahawa ya kutafuna, ni kazi ya tasnifu inayomsubiri mtu.

Jibu langu kuhusu vifaa

Tusichange. Nina sababu tatu.

Kwanza, vipimo vingi vya namna hii hutegemea herufi moja katika jeni ya CYP1A2. Utafiti wa Berlin wa mwaka 1999, ambao ndio uliipatia herufi hiyo umaarufu, uliona tofauti kwa wavutaji sigara. Kwa wasiovuta haikuonekana. Pili, hata ukijua wewe ni wa haraka, utafiti wa 2019 umekwisha kukuambia kwamba moyo wako haujapewa ruhusa ya kuzidisha vikombe sita. Tatu, mate yako si yako peke yako. Nusu ya jeni zako ni za mama na nusu ni za baba, na ndugu zako wanashiriki nyingi kati yake. Ukizituma kwa kampuni ya mbali umewatuma na wao, bila kuwauliza.

Badala yake fanya nilivyofanya baada ya ule mtihani wa Agosti. Chukua daftari. Kwa wiki mbili andika saa uliyokunywa, ulichokunywa na saa uliyolala. Wiki ya kwanza kunywa kama kawaida, ya pili usinywe baada ya adhuhuri. Daftari langu liliniambia kwamba kikombe cha mwisho ni saa tano asubuhi, hakuna cha ziada. Halikugharimu zaidi ya kalamu. Na mwenye moyo unaokwenda mbio, presha au mimba asiishie kwenye daftari, amwone daktari.

Nina pendekezo pia kwa kamati ya baraza. Pembeni ya dele tuweke birika la mchaichai au tangawizi, lisilo na majani ya chai. Na tuache ile tabia yetu ya kumlazimisha mgeni. Nimemwona dada mmoja hapa, mjamzito, akipokea finjani ya nne kwa haya tu, kwa kuwa aliyemmiminia ni mkubwa wake. Na mimi nilikuwepo, nikanyamaza.

Kaka yetu wa Muscat alitufundisha desturi ya kwao: aliyetosheka huitikisa finjani kidogo mkononi, na mwenye dele haulizi mara ya pili. Haambiwi "mbona kidogo?", wala haitwi mgonjwa. Basi Ijumaa ijayo ukiniona nimeitikisa finjani yangu baada ya moja, na hiyo moja ni ya mchaichai, niache. Ini langu limekwisha kusema.